Boila Lililozimwa: Chuma cha Mvuke Katika Vilima vya Pugu na Sanaa ya Kukitoa Bandani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara, akiisha kuyapa kisogo maghala ya bandari na viwanda vilivyojipanga kando ya njia ambayo kwa miaka mingi iliitwa Barabara ya Pugu kabla ya kupewa jina la Nyerere, hukutana na mwinuko wa kwanza wa safari yake katika vilima vya Pugu. Si vilima virefu kwa kipimo cha nchi yenye Kilimanjaro na Rungwe, walakini kwa watu wa pwani vimekuwa tangu zamani mpaka uonekanao kwa jicho, baina ya mchanga wa bahari na udongo wa bara. Hapo ndipo wamisionari wa Kibenediktini wa St. Ottilien walipojenga kituo chao mwaka 1888, na hapo ndipo kituo hicho kiliposhambuliwa na kuteketezwa Januari 1889, katika vita vya Abushiri. Hapo ndipo pia Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha katika shule ya St. Francis, mpaka siasa ilipomlazimu kuacha kazi mwaka 1955. Habari hizo zimeandikwa na wengi, na hazinihitaji mimi. Ninalotaka kulieleza ni la chuma: kwamba maboila ya mvuke yaliyopelekwa bara kwa Reli ya Kati, yawe yamo ndani ya magarimoshi au yamelazwa juu ya mabehewa yake, yalipandishwa kwanza vilima hivi; na kwamba kazi ya kuyaleta ilihesabiwa kuwa kazi ya taadhima, yenye wahandisi, ramani na posho, ilhali kazi ya kuyatoa, baada ya moto wake kuzimika, imeachiwa mtu yeyote mwenye nyundo na njaa ya siku hiyo.

Hatuna budi kuanza Unguja, kwa kuwa huko ndiko mvuke wa nchi kavu ulikotangulia katika mwambao wetu. Sayyid Barghash bin Said, Sultani aliyependa mambo mapya kwa moyo wote, alijenga mwaka 1879 reli ndogo kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani, masafa ya maili saba hivi. Mwanzo mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu, lakini mwaka 1881 aliagiza garimoshi dogo kutoka kwa Bagnall wa Uingereza, nalo likawabeba Sultani na watu wa nyumba yake mpaka alipofariki dunia mwaka 1888. Baada ya mauti yake reli iling'olewa na garimoshi likavunjwa likawa chuma chakavu. Kwa hiyo boila lile lilifanya kazi miaka saba tu, na kuvunjwa kwake kukawa ni miongoni mwa habari za kwanza za aina hiyo katika pwani hii; na ajabu ni kwamba historia imeshika jina la aliyeagiza na jina la aliyeunda, wala haikutia maanani mikono iliyofungua ribiti zake.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, kwa mikono ya kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa Februari 1914. Anayesoma tarehe hizo hufikiri habari za mataruma na madaraja, na ni haki yake. Lakini roho ya mambo yote yale ilikuwa katika pipa moja la chuma lililolazwa juu ya magurudumu. Ndani yake mna tanuri upande mmoja na dohani upande wa pili, na katikati hupita mabomba mengi membamba yanayopitisha moshi wa moto, nayo yamezungukwa na maji pande zote. Maji yakichemka katika chombo kilichofungwa, mvuke hauna pa kwenda, nao hukusanya nguvu. Na nguvu hiyo ikifunguliwa njia kwa kipimo, husukuma pistoni, na pistoni huzungusha gurudumu. Katika hewa ya kawaida, lita moja ya maji hugeuka kuwa lita zipatazo 1,600 za mvuke. Katika hesabu hiyo moja umo uzuri wote wa boila, na hatari yake yote.

Walimwengu waliijua hatari hiyo kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Aprili 1865, maboila ya meli Sultana yalipasuka katika mto Mississippi karibu na Memphis, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Tarehe 20 Machi 1905, mwaka ule ule ambao reli yetu ilianza kutandikwa, boila lilipasuka katika kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Marekani, likatoboa sakafu na paa likaruka nje, jengo likaanguka likawaka, na watu 58 wakapoteza maisha. Msiba wa Brockton unastahili kukumbukwa na kila mwenye boila la zamani bandani mwake, kwa sababu boila lililopasuka halikuwa lile jipya: lilikuwa la zamani, lililowekwa kuwa akiba, likawashwa kwa muda wakati jipya likitengenezwa. Kutokana na misiba ya namna hiyo ndipo wahandisi wa Marekani walipokaa wakatunga kanuni za kuunda maboila, zikatolewa mwaka 1915. Na Waingereza walikuwa wamekwisha kutunga sheria ya kuchunguza milipuko hiyo tangu 1882.

Kwetu, Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 ilifuata nyayo za sheria za Uingereza. Ilitaka boila la mvuke liwe na vali ya usalama, kipimo cha mgandamizo, na kioo cha kuonyesha kimo cha maji, tena lichunguzwe kwa vipindi na mtu mwenye ujuzi. Sheria ile ilikuja kubadilishwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, na usimamizi ukawa wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001. Mambo hayo ni mema, nami nayasifu kwa dhati. Lakini desturi ya ukaguzi popote duniani ni kulitazama boila lililo hai. Likizimwa, likaacha kulipiwa ada, likafungiwa katika banda la nyuma, hutoka katika daftari na katika fikira za watu. Nalo huko bandani huendelea kubadilika, kwa maana chuma hakikai bure.

Maboila haya yalifikaje mabandani? Kwa njia nyingi. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikabaki hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga na ya kando ya reli ya Morogoro, ambako injini za mvuke ziliendesha korona za kusaga majani ya mkonge kabla ya dizeli kushika mahali pake. Mjini, mvuke ulihitajika hata pale ambapo injini ilikwisha kuendeshwa kwa umeme: kupikia, kufulia, kutakasa vyombo vya hospitali, kutia rangi nguo. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kisingeweza kutia rangi vitenge na khanga pasipo mvuke. Na kule Kawe, katika Kinondoni, kiwanda cha Tanganyika Packers, ambacho serikali ilishirikiana na kampuni ya Liebig kukiendesha, kilipika nyama na kuitia makoponi. Na kopo la nyama haliwezi kukaa miezi rafuni bila ya kupikwa likiwa limekwisha kuzibwa, katika joto la mvuke wenye mgandamizo.

Pugu imefungamana na habari hiyo ya nyama kwa kamba ya ng'ombe. Mnada wa Pugu ndio mwisho wa safari ya mifugo itokayo Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko ije kuliwa Dar es Salaam, na watu wa vilima hivi wamezoea vumbi la makundi na sauti za wachungaji kama walivyozoea honi ya treni. Ng'ombe wanaendelea kuja mpaka leo. Kiwanda cha Kawe kimekufa, na viwanja vyake vinajulikana zaidi kwa mikutano ya ibada kuliko kwa nyama ya kopo. Viwanda vingi vingine vilifuata njia hiyo katika miaka ya 1980 na 1990, vipuri vilipoadimika na mashirika ya umma yalipouzwa. Mashine ndogo ziliuzwa, meza zikachukuliwa, madirisha yakang'olewa. Boila likabaki, kwa kuwa ni zito, na kwa kuwa aghalabu banda lilijengwa juu yake baada ya lenyewe kuwekwa, hata mlango wake ukawa mdogo kuliko kitu kilichomo ndani.

Hapa nataka kukaa kidogo na chombo kimoja ambacho habari zake zinafahamika kuliko za vingine vyote, nacho ni Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Maana yake ni kwamba mitambo yake ilipita Pugu, ikiburutwa na magarimoshi ambayo nayo yalikuwa yakihema kwa mvuke wake yenyewe. Ilishushwa majini katika ziwa Tanganyika Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia Kigoma, iliamriwa izamishwe. Lakini wahandisi wale wale walioiunganisha, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nene kwa uangalifu, wakitumaini kwamba siku moja itatolewa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini na maboila yake yangali yanafaa, na mwezi Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mvuke uliiendesha mpaka miaka ya 1970, ndipo katika matengenezo makubwa yaliyokwisha mwaka 1979 mitambo ya mvuke ikaondolewa na injini za dizeli zikawekwa, na meli ikaendelea kubeba watu na dagaa.

Sijui mfano mwingine Afrika Mashariki unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kufungua ni sanaa sawa na kuunga. Watu walioiunganisha meli ile walijua kila boliti iliingia lini, wakajua pia ni wapi maji yangeanza kula chuma. Na waliotoa mitambo miaka sitini baadaye iliwapasa kurudi nyuma kwa mpangilio huo huo, kilichoingia mwisho kikitoka mwanzo. Na meli ya Chauncy Maples ya ziwa Nyasa, ambayo boila lake lilivutwa nchi kavu na mamia ya Wangoni mwanzoni mwa karne ya 20, inatufundisha jambo la pili: kwamba mzigo wa namna hii uliweza kwenda pasipo mashine yoyote, maadamu palikuwa na kamba, watu wengi, msimamizi mmoja wa kutoa sauti, na hapakuwa na mtu mwenye haraka.

Sasa tuseme boila lipo bandani, mahali fulani baina ya Gongo la Mboto na Kisarawe, na mwenye kiwanja ameuza ardhi, au amehitaji banda kwa kazi nyingine. Jambo la kwanza atakalofanya ni kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, naye mnunuzi atakuja na vijana watatu, mitungi miwili ya gesi, nyundo na mtarimbo. Mara nyingi kazi itakwisha salama, na kwa sababu hiyo watu huamini kwamba haina hatari. Lakini hatari zake zipo, nazo ni za namna nne au tano, na kila moja imejificha nyuma ya nyingine.

Iliyo ya siri kuliko zote ni hewa. Chuma kinapopata kutu hunyonya oksijeni. Ndiyo maana ya kutu. Boila lililofungwa milango yake miaka mingi, likiwa na unyevu kidogo chini, huweza kuwa limekula oksijeni yote iliyokuwamo, na mtu akifungua tundu la kuingilia na kujitosa ndani na tochi yake, hatasikia harufu wala kuona moshi. Magoti yatamlegea, na hatapata wasaa wa kupiga kelele. Mwenzake atamwona amelala, ataingia kumwokoa, naye atalala juu yake. Misiba ya watu wawili na watatu katika matangi, visima na mashimo ya choo hutokea hivyo katika kila nchi, na karibu kila mara aliyekufa wa pili alikuwa mtu mwema. Kwa hiyo matundu yote yafunguliwe, ya juu na ya chini. Hewa isukumwe ndani kwa feni kwa muda mrefu. Ipimwe kwa kipimo chake kabla mtu hajaingia na wakati angalimo. Na nje asimame mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kushika kamba iliyofungwa kwa aliye ndani, na ambaye ameapishwa kwamba hataingia kwa hali yoyote. Ikiwezekana kazi kufanywa bila ya mtu kuingia kabisa, hiyo ndiyo njia bora.

Ya pili imekaa nje, mbele ya macho ya wote, na watu huishika kwa mikono mitupu. Maboila ya zamani yalivikwa koti la kuzuia joto lisipotee, na koti hilo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, lilikuwa la asbesto: unga mweupe au wa kijivu uliochanganywa na maji ukapakwa kama lipu, au kamba zilizosokotwa zikazungushwa juu ya mabomba, kisha kitambaa na rangi juu yake. Ukiipiga nyundo hutoa vumbi laini lisilowasha wala kukohoza siku hiyo. Nyuzi zake huingia mapafuni zikakaa, na ugonjwa, ikiwa ni kovu la mapafu au saratani ya utando wake, huja baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati mtu amekwisha kusahau kwamba aliwahi kuvunja boila. Uingereza, iliyotengeneza na kuuza nje maboila mengi, ilipiga marufuku aina ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa mkataba wake kuhusu asbesto mwaka 1986. Sisi tulibaki na makoti yenyewe. Koti hilo lisiguswe kabla halijachunguzwa. Na likiwa ni asbesto, liondolewe na watu waliofundishwa, wenye barakoa za kweli na nguo za kutupwa, likiwa limeloweshwa maji lisirushe vumbi, na litiwe katika mifuko miwili iliyofungwa na kuandikwa. Wala mifuko hiyo isipelekwe kwa siri katika jalala la Pugu Kinyamwezi, ambako wanawake na vijana wanatafuta riziki kwa kuokota, bali ipelekwe kwa utaratibu wa taka za hatari kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinavyotaka.

Ya tatu ni moto wa gesi. Mafundi wa kukata chuma wa mjini ni hodari, tena wengine wanakata mstari ulionyooka kwa jicho tupu; lakini boila lina vyumba vilivyozibwa, na mafuta ya kuwashia yaliyobaki katika mabomba, na rangi za zamani zenye risasi ndani yake. Chumba kilichozibwa kikipata joto hupasuka. Mafuta yaliyoganda hutoa mvuke unaoshika moto. Rangi ya risasi ikichomwa hutoa moshi unaotia sumu damuni pole pole. Basi kila kilichozibwa kitobolewe au kifunguliwe kwanza kwa njia ya baridi, maji yaliyobaki yamwagwe, vali zote ziachwe wazi, na pale moto utakapopita rangi ikwanguliwe upana wa kiganja kila upande. Wala tusisahau nyuki, ambao hupenda dohani iliyopoa, na nyoka apendaye majivu. Mtu aliye juu ya ngazi akitimuliwa na nyuki huanguka palipo na vyuma vikali.

Kisha unakuja uzito, na hapa hesabu ndogo huokoa miguu ya watu. Bamba la chuma la mita moja kwa mita moja, lenye unene wa milimita 12, lina uzito wa kilo 94 hivi. Boila la duara lenye upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita tatu, likiwa na mabamba ya unene huo, lina zaidi ya tani moja na nusu kabla ya kuhesabu tanuri na mabomba ya ndani. Na likiwa bado limejaa maji, ongeza tani tano. Anayeifanya hesabu hiyo kwa kijiti mchangani hataegemeza kitu cha namna hiyo juu ya ukuta wa tofali, wala hataita vijana sita wakisukume kwa mabega. Maboila ya kusimama, yale membamba marefu yaliyotumika katika nyumba za madobi na majiko makubwa, yana hila yake: uzito mwingi uko juu kuliko watu wanavyodhani, nayo yakishafunguliwa boliti za miguuni huanguka kwa upande yanaopenda yenyewe. Hulazwa kwanza kwa mnyororo na kapi, taratibu, juu ya kitanda cha magogo.

Mintarafu ya kuburuta, pwani yetu haina haja ya kufundishwa na mtu. Watu wa Kunduchi, Mbweni na Bagamoyo wameshua majahazi tangu kabla ya mvuke kusikika, na sanaa ya kushua ndiyo sanaa ya kutoa boila: magogo ya duara yaliyonyooka, yenye unene mmoja, yakitandikwa mbele na kuokotwa nyuma, kamba yenye kapi mbili ili nguvu ya watu iongezeke, kamba ya pili nyuma ya kuzuia, kwa kuwa kitu kilichokuwa kigumu kuanza hugeuka kuwa kigumu kusimama, na mtu mmoja tu wa kupaza sauti, awe serahangi au mzee wa mtaa, ambaye neno lake husikilizwa na wote. Yeyote asikae katika mstari wa kamba iliyokazwa, maana ikikatika hurudi na kuvunja mifupa. Mahamali wa bandarini walizijua kanuni hizi zote, wakazitia katika nyimbo zao za kazi ili zisisahaulike, na mtu aliyekuwa akisikiliza wimbo alikuwa akisikiliza pia maelekezo ya usalama wake.

Banda lenyewe huhitaji uamuzi. Ikiwa boila lilijengewa ukuta baada ya kuwekwa, ukuta utobolewe, na yule atakayeutoboa ajue paa limeshikwa na nini. Dohani itolewe kwanza, kipande kwa kipande kutoka juu, isikatwe chini kama mti. Na sakafu ikaguliwe, kwa kuwa chini ya tanuri kuna shimo la majivu, ambalo limefunikwa na bati na vumbi la miaka, na ambalo limekwisha kumeza mguu wa mtu zaidi ya mmoja.

Wenye mali huniuliza kwa nini wasiliache pale pale, maadamu halidhuru mtu. Jibu langu ni msiba wa Brockton. Boila lililo zima kwa sura humvuta mtu kulitumia: leo mwenye banda ni mwangalifu, kesho atapanga mwingine mwenye haja ya kuchemsha maji mengi, ambaye ataona tanuri, ataona dohani, atatia kuni. Vali ya usalama imeshikwa na kutu, kioo cha maji kimevunjika, bamba limeliwa kutoka ndani mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo hata kabla ya siku ya kulitoa, likatwe mabomba yake ya mvuke, litobolewe mahali pa wazi, na liandikwe kwa rangi kwamba limekufa.

Likitoka, chuma chake huenda kwenye mizani. Shaba nyekundu ya mabomba na shaba ya njano ya vali hutenganishwa kwanza, kwa sababu thamani yake ni kubwa, na ndiyo maana maboila mengi hukutwa yamekwisha kunyofolewa vali na vipimo vyote kabla mwenyewe hajapata habari. Mabamba huenda katika tanuri za umeme za viwanda vya chuma vya mjini, yakatoka yakiwa nondo, na nondo zikaenda kusimamisha nyumba za ghorofa. Na sioni ubaya wowote katika hatima hiyo.

Ila kuna kipande kimoja ambacho naomba kisitiwe katika mizani. Kila boila lililoundwa kwa heshima lina bamba dogo la shaba lililopigiliwa mbele, lenye jina la aliyeliunda, mji, mwaka, namba, na mgandamizo ulioruhusiwa. Pamoja na daftari la ukaguzi, ikiwa limesalia, bamba hilo ndilo ushahidi wa kwamba mahali fulani katika Pugu, Kawe au Temeke palikuwa na kazi fulani, ikifanywa na watu fulani, kwa mvuke wa kiasi fulani. Kenya ilianzisha makumbusho ya reli mjini Nairobi mwaka 1971, na humo limesimama garimoshi la Mount Gelai, mojawapo ya yale 34 yaliyoundwa Manchester kwa Reli za Afrika Mashariki, yenye uzito wa tani 252 kila moja. Boila lake zima bado lipo, na mtoto wa shule aweza kuligusa. Sisi hatuhitaji kuanza na tani 252. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yangeweza kuanza na mabamba tu, yakipangwa ukutani kwa miaka yake, kila moja likiwa na jina la banda lilikotoka, na majina ya mafundi waliolifungua.